Kuipa picha ya kompyuta sura ya mchoro wa mkono: kuta za chokaa zajaa madoa

Mwanagenzi wa Mkunazini

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninatayarisha michoro ya ukarabati wa nyumba ya familia moja hapa Mji Mkongwe, yenye ghorofa mbili, baraza mbele na mlango wa nakshi. Mara ya kwanza niliwapelekea wenye nyumba picha ya kompyuta iliyokamilika kabisa, yenye vivuli, vioo vinavyong'aa na watu wanaopita njiani, na wazee wakanyamaza, kwa sababu walidhani kila kitu kimeshaamuliwa na wao wameitwa kushuhudia tu. Nilipochora kwa penseli, pembeni mwa karatasi ileile, namna dirisha moja linavyoweza kurudi mahali pake pa zamani, kila mmoja alianza kusema lake. Tangu siku hiyo nataka picha zangu za awali zionekane kama zimechorwa kwa mkono.

Nimefuata njia inayojulikana. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, naondoa rangi, nanakili tabaka (yaani picha hupangwa moja juu ya nyingine kama karatasi), nakala naigeuza rangi kinyume kama negativu, naiweka katika modi ya "Dodge", yaani namna mojawapo ya kuchanganya tabaka la juu na la chini, kisha naitia ukungu wa Gauss, unaofifisha kingo za picha, wa pikseli 5. Kwenye picha ndogo matokeo yanapendeza. Kwenye karatasi ya A3, kwa pikseli 300 kila inchi, mistari inafifia hata haionekani, huku kuta za chokaa zikijaa vidoadoa kama zilizorushiwa masizi. Nakosea wapi?

Fundi wa Vivuli

Wa alaykumu salaam. Hatua zako ni sahihi, lakini ni vyema uelewe modi hiyo inafanya hesabu gani. Inagawanya mwangaza wa tabaka la chini kwa kinyume cha mwangaza wa tabaka la juu. Nakala inapokuwa kinyume kamili cha picha, kila pikseli inagawanywa kwa nafsi yake, jibu ni moja, na moja maana yake ni nyeupe tupu. Ukungu ndio unaovunja usawa huo: penye ukingo, upande wa giza unachanganyika na mwangaza wa jirani yake, jibu linashuka chini ya moja, na hapo ndipo mstari unapobaki. Basi upana wa mstari unafuata ukubwa wa ukungu. A3 kwa kipimo chako ina pikseli 4961 kwa 3508, na milimita moja ni takriban pikseli 12, kwa hiyo ukungu wa pikseli 5 hukupa mstari mwembamba kama unywele. Anza na 15, uongeze hadi 20 ukihitaji, na uangalie picha katika ukubwa wake kamili, kwa sababu ikipunguzwa kwenye kioo cha kompyuta itakudanganya.

Madoa yanatokana na hesabu ileile. Programu haitofautishi ukingo wa dirisha na ukingo wa punje ya mchanga ndani ya lipu; vyote kwake ni mahali ambapo giza linakutana na mwanga. Dawa yake haimo katika GIMP. Rudi katika programu ya pande tatu (3D) uliyojengea nyumba na utoe picha mara tatu, kamera ikiwa palepale bila kusogea hata kidogo: ya kwanza mistari mitupu bila lipu wala vivuli, ya pili vivuli peke yake juu ya kuta nyeupe, ya tatu rangi. Ziweke pamoja, mistari ikiwa juu, kwa modi ya "Multiply", ambayo huacha nyeupe ipotee na giza libaki. Usipotenga vivuli, ukingo wa kivuli cha nyumba ya jirani utachorwa kama ukuta, na kwa vichochoro vyetu vilivyo vyembamba, nusu ya mchoro itakuwa kuta zisizokuwepo.

Binti wa Wete

Naongeza juu ya maneno ya Fundi. Mistari mitupu inayotoka kwenye kompyuta imenyooka mno, na nyumba ya mawe ya matumbawe haina ukuta ulionyooka hivyo. Wengi hutumia kichujio (amri ya programu inayobadilisha picha) cha mawimbi madogo, nami siwashauri, kwa sababu mstari wote hutetemeka kwa mwendo mmoja kama mkono wa mgonjwa. Mkono wa mchoraji haubabaiki kila milimita. Unapotea polepole, kisha unajirudi. Tengeneza tabaka la mawingu makubwa ya kijivu, ulitie ukungu mwingi, kisha tumia kichujio cha kusogeza pikseli kwa kulifuata tabaka hilo, lakini usizidishe pikseli 4 au 5 kwa A3, yaani chini ya nusu milimita. Rudia kwa nakala ya pili ya mistari ukitumia mawingu tofauti, na nakala hiyo uififishe hadi ionekane kwa theluthi tu. Utaona kama penseli imepita mara mbili.

Karatasi nayo ni muhimu. Chukua karatasi halisi ya kuchorea, uipitishe kwenye skana kwa pikseli 300 kila inchi, sawa na mchoro wako. Ukiichukua ndogo na kuivuta, chembe zake zitakuwa kubwa kama kokoto.

Mwanagenzi wa Mkunazini

Ahsanteni sana, walimu wangu. Nimeshinda kutwa nzima nikifanya hivyo na kuta zimetakata. Rangi nimeziacha zififie kabla ya kufika pembezoni, karatasi ikabaki nyeupe kuzunguka nyumba, na baraza sasa linaonekana kama mahali pa kukaa. Limebaki tatizo la mlango. Nakshi za kizingiti, mfaa (mti wa wima wa katikati ya mlango) na njumu (misumari ya mapambo) zote zimegeuka bonge moja jeusi.

Fundi wa Vivuli

Hapo hakuna kichujio kitakachokusaidia. Mlango huo kwenye A3 yako una upana wa sentimita mbili au tatu, na nakshi zote zikigeuzwa mistari zinakosa nafasi. Mchoraji hachori kila jani. Anachora majani matatu vizuri karibu na pembe, mengine anayagusia, na njumu anaziweka nukta upande wenye mwanga tu. Futa mlango kwenye tabaka la mistari, uchapishe sehemu hiyo ikiwa kubwa mara tatu kwa rangi hafifu, uweke karatasi nyembamba juu yake, uchore kwa penseli, uipitishe kwenye skana, kisha uirudishe mahali pake katika ukubwa wa theluthi. Chora mistari minene kiasi, kwani ukiupunguza mchoro, nayo itapungua mara tatu. Mfaa uuanze kwanza, maana ukikaa wima sawasawa, mbao mbili za mlango zitajipanga zenyewe.