Kozi ya Kivietinamu: maneno sita, tafsiri moja tu, "aibu". Hela yangu!

Wakuu, kwema? Kwangu si kwema, naandika nikiwa nimefura.

Niko kwenye korosho, na kwenye korosho ghafi huwezi kumkwepa mnunuzi wa Vietinamu. Nikasema nijifunze lugha yao, nikalipia kozi ya mtandaoni (jina nalihifadhi). Somo la tabia lina maneno haya: gượng, ngượng, sượng, lúng túng, miễn cưỡng, khách sáo. Tafsiri ya yote sita? "Aibu". Basi, somo limeisha!

Yaliyonikuta Ho Chi Minh City ni haya. Mama wa mwenyeji wangu ananijazia bakuli, mimi najichekesha tu. Akauliza mbona hivyo. Nikataka kumwambia nacheka kwa kuona haya, nikajibu kifua mbele: "Con cười gượng." Mama akaweka vijiti chini. Kumbe nimemwambia kicheko changu cha kujilazimisha, meno nje moyo haupo! Nililolitaka ni ngượng. Tofauti ni n moja.

Na hapo ndipo hasira inapanda. Ile ng yao ni ng' ya ng'ombe. Ile g yao iko jirani kabisa na gh ya ghali. Mswahili anazo zote mbili mdomoni tangu utotoni! Lakini kozi imetumia dakika nzima kututisha eti ng mwanzoni mwa neno ni sauti ngumu. Ngumu kwa nani? Wamechukua somo la Waingereza wakalibandika Kiswahili juu.

Halafu sượng. Asili yake ni jikoni: kiazi au muhogo umechemshwa weee, ukiuma katikati bado mgumu. Ndiyo hiyo hiyo wanaitumia kwa mtu aliyekakamaa mbele za watu, utani wake hauchekeshi, mikono hajui aiweke wapi. Vijana wanasema sượng trân. Nani kati yetu hajala muhogo wa hivyo? Wangesema hivyo tu, tungeelewa wote.

Jaribio la mwisho sasa, wameandika bila alama: "suong". Suong ipi? Sương ni ukungu, sướng ni raha, sượng ni huo muhogo wenu. Mtu anakufundisha lugha ya toni (sauti ikipanda au kushuka, maana inabadilika) na alama ameziacha nyumbani!

Mengine hayahitaji hata kamusi. Miễn cưỡng ni shingo upande, full stop. (Limetoka kwa Wachina, Wajapani walichukua maandishi yale yale, kwao yakawa kusoma. Kwa kozi hii nawaelewa.) Lúng túng ni kubabaika, kujiumauma. Khách sáo ni adabu za mgeni zilizozidi, unakataa chakula na tumbo linanguruma. Aibu imeingiaje hapo?

Nimewaandikia wanirudishie hela. Wamejibu "pole kwa usumbufu" wakanipa somo moja la bure. Nimelifungua sasa hivi. Neno la kwanza cười gượng, tafsiri: "tabasamu la aibu".