Asilimia 30 ya tenda ni yetu, lakini pesa ziko wapi?

Wakenya wenzangu, nimechoka kunyamaza. Nina karakana ya ushonaji Kariobangi, na cheti cha AGPO ninacho, yaani cha ule mpango unaotengea vijana, akina mama na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya tenda za serikali. Mpango ulizinduliwa 2013, ukatiwa nguvu na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kwenye karatasi ni kitu kizuri, sikatai.

Nikapata LPO, yaani oda rasmi ya ununuzi, ya kushona ovaroli za ofisi moja ya serikali. Kitambaa nilichukua Eastleigh kwa mkopo, mafundi nikawalipa kila Jumamosi. Mzigo ukapokelewa, wakakagua hadi vifungo, wakapiga muhuri. Tangu hapo ni hadithi tu. Leo pesa hazijatoka Hazina, kesho faili iko kwa mhasibu, mhasibu naye yuko likizo, mara mwaka wa fedha umeisha na deni limesukumwa mbele.

KRA, watoza ushuru, nao hawataki hadithi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inahesabiwa tangu nilipotoa ankara, na mwisho wa kulipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama sijaona shilingi. Ukichelewa ni faini, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Usipolipa, cheti cha ushuru hupati, na bila hicho cheti tenda huombi. Yaani serikali inanidai kodi ya pesa ambazo yenyewe imezikalia! Huu ni uonevu mtupu.

Sheria hiyohiyo ya ununuzi, kifungu cha 140, inasema deni likichelewa lilipwe na riba. Jaribu kuitaja hiyo riba pale kaunta uone utakavyoangaliwa.

Halafu tunaitwa semina hotelini tufundishwe kuuza nguo ng'ambo. Niuze kwa mtaji upi? Nguo za AGOA wanazotutajia, zile za kuuzwa Marekani bila ushuru, zilishonwa na viwanda vikubwa vya EPZ, maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje, kama vile vya Athi River, vyenye uwezo wa kungoja malipo. Mimi fundi wangu hodari ameshaondoka, na cherehani mbili natafutia mnunuzi.

Semina hatuzitaki, tunataka kulipwa. Wenye AGPO walipwe kabla ya makampuni makubwa, na KRA wangoje hadi pesa ziingie kwa akaunti. Je, kuna yeyote humu aliyewahi kulipwa riba ya kifungu cha 140? Ulipitia wapi?