Semina moja kubwa, au wasichana wachache kwa mwaka mzima? Naomba ushauri

Mratibu Mpya

Wadau, habari za wakati huu. Naomba mawazo ya wanaofanya kazi na wasichana wa sekondari.

Sisi ni shirika dogo lisilotafuta faida. Tumesajiliwa, lakini ofisi hatuna, vikao tunafanyia sebuleni kwa mweka hazina wetu. Tumebahatika kupata wanawake walioko kazini ambao wamekubali kujitolea: mhandisi wa maji, mhasibu, muuguzi wa chumba cha upasuaji, wakili, fundi umeme, na dada mmoja anayeandika programu za kompyuta. Shule nazo zimetupokea vizuri. Tunachotaka ni wasichana wajue kazi zilizopo, wajue somo lipi linaelekea wapi, na wawe na mtu mzima wa kumuuliza.

Kamati imegawanyika. Wengine wanataka semina: ukumbi ujae, wazungumzaji wapande jukwaani, vyeti vigawiwe. Kuna mfadhili ameshauliza tutawafikia wangapi, na ukumbi uliojaa unajibu swali hilo haraka. Wengine, nami nikiwemo, tunataka kila binti awe na mlezi wake mmoja na watembee pamoja mwaka mzima.

Jambo la pili linaniumiza kichwa zaidi. Katika kikao cha majaribio tuliwauliza wanataka kuwa nani. Karibu wote walisema daktari, mwanasheria au rubani. Ukiuliza rubani anafanya nini tangu anapoamka hadi anapolala, kimya. Mhandisi wetu alieleza kazi yake vizuri sana, na aliposema "maswali?" hakuna mkono uliopanda. Alipokuwa anafunga mkoba wake ndipo binti mmoja akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanamke anaruhusiwa kushuka kwenye mitambo. Swali zito namna ile limekuja watu wameshaanza kutoka.

Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Bi Mkongwe

Dada, hongera kwa kuthubutu. Nimeratibu mpango wa aina hii kwa miaka mingi na bado niko humo, kwa hiyo nitasema ninavyoona bila kuzunguka.

Nenda na wachache. Na usimpangie binti mlezi mpaka uwe na hakika kwamba mlezi huyo atakaa. Mwaka 2002 watafiti wawili, Grossman na Rhodes, walichapisha matokeo ya vijana wa Marekani waliopangiwa walezi na Big Brothers Big Sisters, shirika ambalo historia yake inaanzia 1904. Waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika kwa mapana. Wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika imani yao juu ya masomo, wakashuka kuliko hata vijana ambao hawakupangiwa mtu kabisa. Ukilifikiria hilo linatisha. Binti tayari amezoea watu wazima wanaokuja na ahadi na kupotea, halafu sisi tunamwongezea mmoja.

Ndiyo maana mwanamke akija kujitolea, cha kwanza simuulizi shahada yake. Namuuliza mwaka ujao una nini ndani yake. Unasubiri uhamisho? Una mtihani wa bodi? Unategemea mtoto? Hakuna jibu linalomfukuza mtu. Ila anayejua ataondoka baada ya miezi minne simpi binti wa kulea. Nampa darasa la kutembelea mara moja, au nampa barua za maombi azisahihishe. Kila mtu ana nafasi yake, na wengi hufurahi kuambiwa ukweli mapema.

Hapo sasa wenzako wa semina wasikate tamaa. Ziara fupi ina kazi yake, ikifanywa darasani na si jukwaani. Ufaransa walijaribu: wanawake wanaofanya kazi za sayansi waliingia madarasa ya sekondari kwa saa moja tu, na watafiti wakafuatilia. Kwa wasichana wa mwaka wa mwisho waliokuwa mkondo wa sayansi, walioingia kozi za sayansi na uhandisi zenye ushindani na zilizojaa wavulana walipanda kutoka asilimia 11 hadi 14.5. Kwa saa moja hilo si dogo. Lakini angalia kilichofanya kazi. Waliosaidia zaidi ni wale waliowabadilishia wanafunzi picha ya kazi yenyewe. Kukazania mno kwamba wanawake ni wachache humo hakukusaidia. Kwa hiyo mwambie mhandisi wako asifungue na takwimu za uchache wetu. Aanze na pampu iliyoharibika usiku na alivyoijua imeharibika wapi.

Sasa kuhusu ukimya. Hao wasichana wako wana maswali tele, tatizo ni kwamba "maswali?" inamtaka binti asimame peke yake mbele ya wenzake aonyeshe kwamba hajui. Mimi nagawa vikaratasi kabla mgeni hajaanza, kila mtu anaandika swali bila jina, vinakunjwa, vinachanganywa, mgeni anavisoma mwenyewe. Swali la binti wako la mitambo lingesomwa la kwanza, na nusu ya darasa wangegundua kwamba walikuwa wakijiuliza hilohilo.

Kizuri kuliko vikaratasi ni kuwapa kazi mikononi. Mhasibu wetu mmoja huwa haelezi uhasibu hata kidogo. Anamwaga mezani bahasha ya risiti, anaweka daftari la hesabu pembeni, anawaambia: "Vitabu havilingani, vinapishana kwa 270. Nitafutieni." Halafu ananyamaza. Siku niliyokaa nao walihangaika, wakajumlisha upya, wakagombana. Baadaye akawapa kidokezo kimoja: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kulikuwa na binti wa pembeni ambaye sikuwahi kusikia sauti yake tangu ajiunge. Akavuta daftari, akapitisha kidole ukurasani polepole, akasimama kwenye mstari mmoja: risiti inasema 630, daftari linasema 360. Hakusema "nimepata", aliligeuza tu daftari likamtazama mhasibu. Kuanzia siku hiyo alikuwa na la kuuliza kila tukikutana: nani anakagua hesabu za hospitali, mhasibu akiona wizi anamwambia nani, hivi unaweza kuwa mhasibu na ukawa hupendi kukaa ofisini.

Ndiyo maana nasema usiwaulize wanataka kuwa nani. Wanajibu majina ya kazi waliyoyasikia, kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Waulize wanapenda kufanya nini kwa mikono yao na akili zao: kupanga, kufungua vitu, kubishana, kuhudumia mgonjwa, kuchora. Kutoka hapo mlezi ana pa kuanzia.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono Bi Mkongwe, ila kuna upande haujaguswa, na mimi kama mwalimu ndio ninaokutana nao.

Mpango hautasimama bila mzazi kuujua. Na kwa kuujua sisemi karatasi ya ruhusa tu, ingawa hiyo ni lazima. Nasema aitwe, akae, amwone mlezi kwa macho yake, amuulize anachotaka. Kuna wazazi wanaogopa kwamba binti atafundishwa kuwadharau. Wengine wanaogopa kupewa matumaini ambayo wao hawataweza kuyalipia. Hofu zote mbili ni za haki na zinastahili jibu la mtu mzima.

Pia mzazi mwenyewe hubadilika akiona. India, baada ya sheria ya 1993 kutenga nafasi za uongozi wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, watafiti walikwenda kuwahoji wazazi na vijana wao huko West Bengal. Matokeo yalichapishwa 2012. Vijiji vilivyokuwa vimeongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, pengo kati ya ndoto za wazazi kwa wavulana na kwa wasichana lilipungua kwa asilimia 25, na kwa vijana wenyewe kwa asilimia 32. Hakuna aliyewahubiria. Walimwona mwanamke akifanya kazi ile mbele yao. Kwa hiyo siku ya fundi umeme, karibisheni na akina mama na akina baba.

La pili ni usalama, na hapa sitaki mzaha wala haraka. Mlezi na binti wakutane shuleni au mahali pa wazi ambapo mtu mwingine anawaona. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi lenye mratibu ndani yake, na usiku usitumwe. Zawadi za siri hakuna, safari za wawili peke yao hakuna. Kila anayejitolea achunguzwe kabla, hata kama ni rafiki wa mwenyekiti, hata kama ni mwanamke mwenye heshima zake. Na binti aambiwe siku ya kwanza, kwa jina, ni nani wa kumwendea kama jambo lolote la mlezi halimkai vizuri. Nimeona mashirika yenye nia njema yanaliacha hili mpaka mwaka wa pili. Lianzeni kabla ya kikao cha kwanza.

Kiputo Katikati

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasichana, sasa ni mpima ardhi. Nichangie kidogo.

Nilipangiwa mlezi mpima ardhi wakati mimi nimeshasema nataka udaktari. Hakunibishia. Alisema tu, "Sawa, ila Jumamosi njoo na kaka yako mnione kazini." Akanipa kifaa cha kupimia juu ya miguu yake mitatu, akanionyesha skrubu za kusawazishia, akaniacha. Nikizungusha hii, kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kifaa kimekaa sawa kinakimbilia kule. Nikizungusha ile, kinarudi na kupitiliza. Nilichukua muda mrefu mpaka kikakaa katikati ya duara, na yeye alikuwa anakunywa maji, hajaniharakisha. Sikuacha udaktari siku hiyo. Nilichopata ni kujua kwamba kuna hesabu ambayo unaisimamia kwa miguu yako nje kwenye jua, na kwamba ninaiweza.

Kitu kingine alichonifanyia ni kunieleza siku mbaya. Mvua inakuja kazi haijaisha, wenye mashamba wanagombana na wote wanakutazama wewe, wanaume wa kikosi wanasubiri uchoke. Alinieleza na anachofanya kila hali inapotokea. Wageni wengine waliokuja shuleni walisema tu "jiamini, unaweza". Nilikuwa najiamini. Nilichokuwa sina ni habari.

Na tafadhali, mwezi wa kwanza kabisa zungumzeni masomo. Rafiki yangu alitaka uhandisi, akaacha fizikia kwa sababu mwalimu wa somo jingine alikuwa mpole zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba bila fizikia fomu yake isingesomwa. Alijua wakati wa kuomba chuo.

Mratibu Mpya

Asanteni sana, nimesoma mara mbili na nimeituma kwa kamati nzima. Kiputo, hilo la fizikia limenigusa, maana wa kwetu wanachagua masomo muhula ujao na sisi tulipanga kuanza baada ya hapo. Tutaanza mapema, kabla hawajachagua.

Bi Mkongwe, nikuulize moja la mwisho. Mfadhili ataniuliza tena "wangapi". Nimwambie nini? Nikitaja idadi ndogo naogopa ataenda kwa wenye ukumbi.

Bi Mkongwe

Mpe idadi, usimnyime. Ila chagua wewe cha kuhesabu. Mwambie: kati ya mabinti waliopangiwa walezi, wangapi bado wako na mlezi yuleyule baada ya miezi kumi na miwili. Wangapi walichagua masomo baada ya kusoma masharti ya kozi wanayoitaka, na si kabla. Wangapi wanaweza kueleza siku nzima ya kazi ya mtu fulani, saa kwa saa, mwanzoni mwa mwaka na mwishoni. Hilo la mwisho ni rahisi kupima: wape karatasi tupu mara mbili kwa mwaka, swali ni lilelile, ziweke pamoja. Mfadhili akisoma karatasi mbili za binti mmoja zikiwa sambamba, mara nyingi hahitaji maelezo yangu. Na ziara za darasani zihesabu pia, ila ziandike kwenye mstari wake, usizichanganye na ulezi ili namba ipendeze. Akienda kwa wenye ukumbi, mwache aende. Utapata mwingine.

Kwa kuwa mnaanza mapema kuliko mlivyopanga, msiwapangie walezi wote kwa pamoja. Mhasibu, muuguzi na mwingine mmoja ambaye ratiba yake ni tulivu waanze. Wakili na wengine wabaki akiba mwaka huu, wahudhurie vikao, wafahamiane na wasichana wote. Mwaka hauishi bila mlezi mmoja kuugua au kupata kazi mbali, na ikitokea, binti akabidhiwe mtu anayemjua tayari, wiki hiyohiyo, yule anayeondoka akiwa bado yupo kumkabidhi.