Mipaka ya vipimo vya meno ya skrubu hupatikana wapi?

Swali: Habari zenu, wakuu. Ninakereza bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye umbali wa milimita 1.5 kati ya jino na jino. Nimepata umbo la msingi la meno, lenye pembe ya nyuzi 60, lakini sioni pembe yenyewe inaruhusiwa kupotoka kwa kiasi gani. Nitazame wapi?

Jibu: Ndugu, umbo la msingi limo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 68-1, na mipaka imo katika ISO 965. Kwa daraja la usahihi la 6g, ambalo ndilo la kawaida kwa bolti, kipenyo cha nje kiwe kati ya milimita 9.732 na 9.968, na kipenyo cha kati, kinachopimwa kwenye mbavu za meno, kiwe kati ya 8.862 na 8.994.

Jibu: Naongezea kuhusu pembe, maana hapo ndipo wengi hukwama: haina mpaka wake peke yake, kwa kuwa kosa la pembe, sawa na kosa la umbali wa meno, huifanya bolti ijae ndani ya nati kana kwamba kipenyo cha kati kimeongezeka, na kwa hiyo humezwa na mpaka wa kipenyo hicho. Geji ya kupita, yaani kipimo chenye meno kamili ambacho bolti nzuri lazima iingie ndani yake, hulinasa kosa hilo.

Muulizaji: Asanteni sana, nimeelewa.