UTI imerudi mara ya nne, nishachomwa hadi sindano. Hii "UTI sugu" inatibika kweli?

BintiMbagala
Habari za mchana wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipo nimechoka mwili na mfuko. Mwezi wa pili nilianza kusikia mkojo unachoma na tumbo la chini linavuta, nikaenda zahanati moja hapa mtaani wakapima mkojo wakasema UTI, nikapewa sipro (ciprofloxacin, antibayotiki) za siku tano nikanywa za siku tatu maana nilikua nishapona, zilizobaki nikaziweka kwenye droo mdogo wangu akaja kuzimalizia alipoumwa tumbo (msinitukane). Wiki tatu mbele ikarudi. Safari hii sikwenda kupima, nikapita duka la dawa nikamwambia kaka nina UTI akanipa Azuma (azithromycin, antibayotiki nyingine) vile vidonge vitatu, ikatulia kama wiki mbili hivi. Ikarudi tena nikaenda kituo kingine wakasema UTI imeshakua sugu na juu yake nina taifodi, ikabidi nichomwe sindano za mshipa siku tano, mkono ukavimba nikawa nashindwa hata kufua.

Sasa jana nimeamka mkojo unachoma vilevile kama mwezi wa pili. Kaka wa dukani ananiambia kuna sindano kali zaidi. Hivi hii UTI sugu ni ugonjwa gani jamani, unatibika au ndo nitaishi nao? Mume wangu keshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni eti nimeitoa wapi. Nina miaka 31, sina mimba nimepima, homa sina.

Ngosha88
Vyoo vya kuchangia hivyo. Ukipanga nyumba ya vyumba kumi choo kimoja, UTI utaizoea kama kodi.

Mchaichai
Pole mwaya. Achana na madawa ya hospitali yanaua figo, kunywa madafu mawili asubuhi kabla hujala kitu, siku saba, mimi ilinitoka na haijarudi mpaka leo.

Darubini
Pole sana dada. Mi nipo maabara mwaka wa kumi na moja huu, daktari siyo, ila mkojo nimeuona wa kutosha. Kwanza kabisa: ukipata homa, ukaanza kutetemeka, kutapika, au mgongo ukauma pembeni juu ya kiuno, usikae hapa kusubiri sisi tukujibu, nenda hospitali saa hiyohiyo maana itakua imepanda kwenye figo.

Sasa nikuulize. Katika mara zote hizo nani aliuotesha mkojo wako? Maana kwa maelezo yako sioni. Walichofanya ni kuchovya kijiti na kuangalia kwa darubini, wakaona seli za usaha wakaandika UTI. Hiyo inakuambia kuna vurugu humo ndani, haikuambii mdudu ni yupi wala anakufa kwa dawa gani. Na mara nyingine hata hiyo vurugu haitoki kwenye kibofu, ni majimaji ya ukeni yameingia kwenye kikopo, kwa sababu mgonjwa anapewa kikopo anaonyeshwa choo kilipo basi, hakuna aliyemwambia anawe, aachie mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati.

Kuotesha ni hivi. Tunachukua tone dogo la mkojo tunalipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inalala kwenye joto la mwili usiku mzima, asubuhi ukifungua kama yupo E. koli, bakteria anayeleta UTI nyingi, unakuta vidoadoa vya manjano vimejaa sahani. Hapo tunamchukua yeye peke yake tunampaka kwenye sahani nyingine na kuweka juu yake vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kina dawa yake. Kesho yake dawa inayomuua unaiona, kikaratasi kimezungukwa na duara safi hakuna kitu kimeota. Dawa isiyomuua, ameota mpaka kwenye kikaratasi chenyewe kama anakicheka. Kwahiyo majibu ni siku mbili mpaka tatu, na ndo maana watu wengi hawaitaki hiki kipimo, wanataka watoke na dawa mkononi leo.

Halafu hilo neno UTI sugu tulirekebishe, dada yangu wewe siyo sugu, mdudu ndo sugu. Au siyo sugu kabisa ila hujawahi kupewa dawa yake. Au siyo UTI. Mpaka aoteshwe hakuna anayejua, wote tunarusha mawe gizani, na kila jiwe linaua wale wadudu wanyonge tumboni mwako linawaachia nafasi wale wababe.

Ngosha, choo cha kuchangia unakionea bure. Huyo E. koli mara nyingi anatoka kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, hana safari ndefu.

Ngosha88
Haya mkuu nimenyoosha mikono. Na taifodi nayo je? Maana nchi hii ukienda na kichwa kinauma unarudi na taifodi na UTI, hawakosi kukupa zote mbili kama ofa.

Darubini
Hahaha hiyo ofa ipo kweli. Kipimo kinachotumika sana cha taifodi ni Widali, kina umri kuliko babu zetu, ni cha 1896. Kinaangalia kinga iliyopo kwenye damu siyo mdudu mwenyewe, kwahiyo kama uliwahi kuumwa zamani au mwili uliwahi kupambana na mdudu wa jamii hiyo kinaweza kikasoma, na huku kwetu nani hajawahi? Taifodi ya uhakika ni kuotesha damu.

Kuna utafiti ulifanyika Dar na Ifakara ukatoka 2014, walichukua watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani wakawapima kila kitu. Asilimia 70 walikua na ugonjwa wa virusi, ambapo antibayotiki haifanyi kitu chochote. UTI walikua asilimia 5.9, taifodi 3.7. Watoto hao najua, siyo watu wazima, ila pima mwenyewe na hiyo ofa yako.

Na tatizo lilikuja kukolea tulipopata kile kipimo cha haraka cha malaria. Zamani kila homa ilikua malaria mtu anapewa dawa ya malaria anaenda. Sasa kipimo kinasema malaria hakuna, mgonjwa amekaa mbele yako anataka kitu, unampa nini? Ndo antibayotiki ikachukua kiti.

KauntaYaDawa
nimesoma nikasema ngoja na mi niseme maana kila mtu anatupiga sisi wa maduka ya dawa. mi nipo DLDM (duka la dawa muhimu) mkoani huku, haya maduka yalianzia Ruvuma 2003 lengo likiwa vijijini watu wapate dawa muhimu kwa mtu aliyesomea, na tuna orodha, amoksilini naruhusiwa Septrin naruhusiwa, sindano ya seftriaksoni simo kabisa. sasa mteja anakuja saa moja jioni na ganda tupu la vidonge anaweka kaunta anasema nipe kama hizi za buku. nikimwambia dozi nzima elfu tatu anasema we nipe za buku nikipata nyingine nitakuja. hatokuja. nikimkatalia anavuka barabara kuna jamaa pale hana hata cheti anamkatia. nimeshawakatalia watu wakanitukana mpaka wa mama yangu, na mwisho wa mwezi tajiri anauliza mauzo hauliziagi cheti cha daktari

na kuna wale wanaofungua kidonge cha rangi mbili wanamwagia unga kwenye kidonda, hao nishaongea nikachoka

siwatetei wanaouza holela, nasema tu msione tumekaa hapa tunafurahia. redioni ilikua kutwa ile kampeni ya kukataza dawa holela, Holela Holela Itakukosti, sawa, ila yule mama mwenye buku moja na mtoto anakohoa hiyo redio haijamwambia elfu mbili iliyobaki atoe wapi

BintiMbagala
Kaka Kaunta umenifanya nijione, mi ndo huyo wa ganda tupu 😅
Darubini shukrani sana. Sasa huyo mdudu sugu nimempata wapi kama sipro nimeitumia mara moja tu maishani?

BandaNambaTatu
Dada unaweza kuwa umemla. Siongei kwa kubeza, mi nafuga kuku wa nyama, na nitasema ninachokiona. Kifaranga akishuka kwenye boksi siku ya kwanza watu wanaweka OTC (antibayotiki ya mifugo) kwenye maji, mgonjwa hayupo, eti kinga. Wiki ya pili wakikoroma kidogo anawekewa nyingine, ya tatu mtu wa duka la mifugo anakwambia changanya hizi mbili. Ile karatasi ya dawa imeandikwa usichinje kuku mpaka siku kadhaa zipite tangu dozi ya mwisho, lakini kuku wa wiki tano mnunuzi yupo getini na tenga, chakula kimepanda, kila siku anayokaa bandani anakula faida yako. Nani atasubiri? Mi mwenyewe nilikua hivyo mpaka batchi moja waliumwa nikawapa kila nilichokijua wakafa zaidi ya mia mbili, dawa hazisikii. Toka hapo nimebaki na chanjo, maranda makavu na kuzuia watu kuingia bandani na viatu vya nje. Dawa nanunua wakiumwa kweli na daktari wa mifugo kaja kuona.

Na mbolea yake inaenda mabondeni kwenye mchicha.

Darubini
Banda umemaliza. Niongeze kidogo tu, wadudu hawa wanapeana usugu. Mmoja ana kipande cha maelekezo namna ya kuishinda dawa fulani anamgawia wa jirani hata kama siyo ndugu yake, kama mtu anavyotuma ujumbe kwenye WhatsApp. Kwahiyo dada unaweza kuwa nao tumboni bila kuumwa, siku wakipanda kwenye kibofu ndo unajua.

Na hapa tunaongea mkojo unaochoma, mtu anateseka ila anatembea. Wakiingia kwenye damu ya mtoto mchanga ni habari nyingine. Pale Muhimbili walifuatilia watoto waliolazwa 2001 na 2002: waliokua na bakteria wa kundi hili la kina E. koli kwenye damu walikufa asilimia 43.5, wa malaria asilimia 20.2, na mojawapo ya sababu kubwa ilikua dawa waliyoanzishiwa mdudu alikua haisikii. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla sipro haijawa kama pipi.

Ushauri wangu, usinywe dawa yoyote sasa hivi, nenda hospitali yenye maabara ya kuotesha, mwambie daktari historia yote kama ulivyotuandikia, usifiche zile za droo. Ukishatoa mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili, usizunguke nao kwenye daladala juani maana wadudu watazaliana humohumo kikopo kitadanganya. Omba na kipimo cha sukari, UTI za kurudirudi sukari huwa inajificha nyuma. Na mume aache jicho la pembeni, ila akiwa na yeye anachomwa au anatokwa usaha aje apime, kisonono kinachoma vilevile na sipro ilishakishindwa zamani.

Mchaichai
Kwahiyo madafu hayasaidii?

Darubini
Kunywa tu mama, maji ni maji. Bakteria hayamuui.

BintiMbagala
Wakuu nimerudi baada ya siku sita. Nilienda hospitali, kuotesha peke yake nimelipa elfu ishirini na tano nikaguna, halafu nikapiga hesabu ya zile sipro, Azuma, sindano na bodaboda tangu mwezi wa pili nikanyamaza. Nikanawa, nikaachia wa mwanzo, nikakinga wa katikati, dada wa maabara akacheka akasema leo nimepata mgonjwa aliyesoma.

Majibu ni E. koli. Karatasi ina orodha ya dawa na herufi pembeni, R maana yake amegoma S maana yake anakufa. Amoksilini R, Septrin R, sipro R, na ile ya sindano nilizochomwa siku tano mkono ukavimba nayo R!! Yaani nililipia maji. S zilikua tatu tu, amikasini, meropenemu na nitrofurantoini. Daktari akasema mbili za mwanzo ni sindano na hiyo meropenemu ni ya kutunzia wagonjwa mahututi, tuchukue nitrofurantoini ya kidonge siku tano. Sukari ipo sawa. Nilizunguka famasi tatu kuipata, ya kwanza wakaniambia hiyo dawa ya kizamani chukua sipro 😭, ya tatu wakanipa na bei yake haifiki hata nusu ya sindano moja.

Leo siku ya tatu, haichomi. Droo nimeifungua mbele ya mume wangu akaona hakuna kitu. Ila Darubini nisaidie, asubuhi nimeona mkojo umekua wa kahawia kama chai ya rangi, nimeshtuka, niache?

Darubini
Usiache dada, hiyo ni rangi ya dawa yenyewe, ukimaliza itaondoka. Kinywe baada ya kula kisikuchafue tumbo. Bado siku mbili.

KauntaYaDawa
elfu ishirini na tano ni mkoa gani huko, huku kwetu kuotesha mpaka uende hospitali ya rufaa, kilometa 140