Kamati za hafla za hisani, tutajieni pesa iliyowafikia watoto, si iliyotangazwa jukwaani

Wakuu, habari zenu.

Naleta uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Unawahusu wote wanaoandaa matembezi, mbio, minada na hafla za jioni za kuchangia watoto wanaoishi kwenye umaskini katika nchi za mbali. Unatuhusu pia sisi tunaojitolea humo, tunaopanga viti, tunaosimama mlangoni na makopo ya michango, tunaobaki kufagia wageni wakishaondoka. Nimeifanya kazi hii kwa miaka na bado naiamini. Kinachonikera ni kudanganywa. Tunadanganywa sisi, wanadanganywa wanaochangia, na uongo wenyewe unapita kwa mgongo wa watoto ambao hawapo ukumbini kujitetea.

Chukueni hafla ya mwisho niliyoshiriki. Shughuli ilipoelekea ukingoni, mshereheshaji aliita kamati nzima jukwaani, ikaletwa ile hundi kubwa ya bango inayoshikwa na watu wanne, tarakimu zimekolezwa wino, kamera zikaanza kumulika. "Usiku huu tumewapatia watoto wetu kiasi hiki!" Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa meza ya mapokezi na ankara zote zilipitia mikononi mwangu siku hiyo, kwa hiyo nilijua zile tarakimu zimetoka wapi. Ilikuwa jumla ya kila kilichoingia na kila kilichosemwa kwamba kitaingia: tiketi, mnada, bahati nasibu, makopo, udhamini, ahadi. Hakuna gharama hata moja iliyokuwa imetolewa. Ukumbi ulikuwa haujalipwa. Mwenye mitambo ya sauti alikuwa amesimama pale pale mlangoni akimsubiri mhazini. Mapambo, fulana, mpiga picha, usafiri wa mgeni rasmi, kote huko tulikuwa tunadaiwa. Ukitoa madeni hayo peke yake, karibu nusu ya fedha taslimu inaondoka kabla haijavuka mpaka wowote. Bado makato ya benki na hasara ya kubadilisha fedha, ambavyo hakuna aliyevitaja.

Na hizo ahadi ndizo zinazoniumiza zaidi. Mtu anainuka meza ya mbele, anapewa maiki, anataja kiasi kinachowashtua watu, anashangiliwa, anapigwa picha akiwa amekumbatiwa na mwenyekiti. Kesho yake simu haipokelewi. Nimeliona daftari la mhazini wetu: majina ya ahadi za mwaka uliotangulia yamejipanga ukurasa mzima na mengi hayana alama ya kulipwa. Baadhi ya watu hao mwaka huu wamekaa tena meza ya mbele, wametajwa tena, na ahadi zao mpya zimejumlishwa tena kwenye hundi ya bango. Usiku huo huo mtoto wa shule alikuja mezani kwangu na mfuko mdogo wa sarafu alizojiwekea, akazimimina zote kwenye kopo, akauliza kama zitatosha kumnunulia mwenzake daftari. Jina lake halikusomwa popote. Yeye alilipa.

Kikao cha tathmini kilipofika niliuliza swali moja: tunatuma kiasi gani, na lini? Mwenyekiti akanijibu kwamba hii ni kazi ya kujitolea, nisiwavunje watu moyo. Mwingine akasema nikianza kuulizia hesabu, watu wataacha kuchangia. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Hesabu hazijawahi kumfukuza mchangiaji mwenye nia njema. Kinachomfukuza ni kuja kugundua baadaye kwamba makofi yake yalipigiwa namba isiyokuwepo, na akishaondoka kwa sababu hiyo harudi, wala kwa shirika jingine lisilo na hatia haendi.

Nieleweke vizuri, maana najua kuna atakayekuja kusema sijui gharama za hafla. Nazijua kuliko wengi humu. Ukumbi haupatikani bure, na shirika lenye mhasibu na mkaguzi wa hesabu linaweza kuwafaa watoto kuliko lile linalojisifu kwamba halitumii hata senti kwenye uendeshaji. Gharama si dhambi. Simameni jukwaani mseme: imeingia hivi, imetumika hivi, inakwenda hivi, na ahadi ambazo hazijalipwa ni hizi. Dakika mbili zinatosha. Kuficha gharama na kuita jumla ghafi "msaada kwa watoto" ni udanganyifu, hata kama kila mmoja kwenye kamati ni mtu mwema.

Halafu makopo. Kwetu yanarudishwa usiku, yanamiminwa mezani, mtu mmoja anahesabu, anaandika kwenye kipande cha karatasi, basi. Kopo halina namba, halina lakiri ya kulifunga, hakuna anayetia saini. Uingereza kanuni za kukusanya michango nyumba kwa nyumba za mwaka 1947 zilishaweka wazi kwamba kopo liwe na namba na lifungwe kwa lakiri, na lifunguliwe mbele ya mwandaaji na mtu mwingine anayeaminika. Mwaka 1947! Simtuhumu mtu wetu kwa wizi. Nasema tumemwacha ahesabu peke yake, na siku akituhumiwa hatakuwa na shahidi wa kumtetea.

Sasa niende kwenye lile linaloninyima usingizi kuliko fedha.

Bango letu lina picha ya msichana mdogo, amekaa chini, machozi yamemkaukia mashavuni, nzi wametua karibu na jicho. Picha hiyo imetundikwa mlangoni hafla baada ya hafla tangu nilipoanza kujitolea. Fulana za wakimbiaji zina uso wake. Tiketi zina uso wake. Niliuliza anaitwa nani. Hakuna anayejua. Niliuliza yuko wapi, anasoma, yu hai? Hakuna anayejua. Kwa hesabu ya miaka tu, kama yu hai, huyo ni mwanamke mtu mzima sasa, huenda ana watoto wake, na sisi bado tunauza machozi yake ya utotoni bila kumuuliza. Nilipopendekeza tulibadilishe bango, nikaambiwa picha ya mtoto anayecheka haifungui pochi.

Mashirika yenyewe yanajua kwamba hili ni kosa. Mwaka 2006 muungano wa mashirika ya misaada ya Ulaya, CONCORD, ulipitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, zinazotaka utu wa watu uheshimiwe na wanaopigwa picha washirikishwe na waridhie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 16, unalinda faragha ya mtoto na heshima yake. Haukusema mtoto tajiri peke yake. Nani kati yetu angekubali mwanawe apigwe picha akilia, amechafuka, halafu uso wake uchapishwe kwenye fulana za watu asiowajua?

Msidhani mtoto asiyejulikana alipo ni jambo dogo. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilichapisha uchunguzi ambao waandishi wake walijiandikisha kufadhili watoto kupitia mashirika makubwa, kisha wakafunga safari kuwatafuta. Huko Mali walikuta mtoto mmoja ameshafariki zamani, na fedha za ufadhili wake ziliendelea kupokelewa. Shirika kubwa, lenye ofisi na mafaili, lilipoteza habari ya kifo cha mtoto. Sisi wenye bango la msichana asiye na jina tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mchangiaji "mtoto wako anakushukuru"?

Na kuna barua. Shirika tunalolichangia lilituletea barua za watoto zisomwe jukwaani. Mshereheshaji alikuwa ameshawatambulisha kama yatima wasio na mtu duniani. Akafungua ya kwanza, akaanza kusoma, na mstari wa tatu ukasema: "Mama anawasalimu." Alinyamaza kidogo, akaruka mstari, akaendelea. Mimi niliiona barua ile baadaye, mezani, mwandiko wa penseli uliobonyezwa mpaka karatasi imetoboka. Mama yupo. Anasalimia. Na sisi tumemfuta ili hadithi yetu ikamilike.

Hili si jambo la nchi moja. Utafiti na kazi za mashirika ya watoto zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watoto wengi sana wanaoishi kwenye vituo vya yatima wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengi wamefikishwa huko na umaskini: ada, chakula, matibabu. Pesa za wafadhili wa nje zikimiminika kwenye kituo na si kwa familia, kituo kinahitaji watoto ili kiendelee kupata fedha, na watoto wanatafutwa. Mwaka 2018 Australia, ilipokuwa inatunga sheria yake ya utumwa wa kisasa, iliutambua usafirishaji wa watoto kuwaingiza kwenye vituo vya yatima kuwa sehemu ya utumwa huo. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi na kutaka familia zisaidiwe kukaa na watoto wao. Kamati yetu haijawahi kuuliza kama tunachochangia kinamrudisha mtoto kwa mama yake au kinamtenga naye. Nilipouliza, nikaambiwa hayo ni ya wataalamu.

Ndiyo yale yale ya tangu zamani: tukusanye kwanza, maswali baadaye. Tarehe 13 Julai 1985 dunia nzima ilitazama tamasha la Live Aid, London na Philadelphia, la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Watu waliguswa kweli na fedha nyingi zilipatikana. Mwaka huo huo serikali ya Ethiopia ilikuwa inahamisha watu kwa nguvu, na tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, liliposema hadharani kwamba misaada inatumika kwenye uhamishaji huo, lilifukuzwa nchini kabla mwaka haujaisha. Pesa ikishafika bado inaweza kumgeukia uliyetaka kumsaidia. Kamati inayoishia kwenye makofi haitakaa ijue.

Wala sisemi misaada haina kazi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wachumi wakiongozwa na Bruce Wydick, waliofuatilia ufadhili wa watoto wa Compassion International, shirika la Kikristo la kufadhili watoto, katika nchi 6, wakakuta waliofadhiliwa walikaa shuleni mwaka mmoja na zaidi kupita ambavyo wangekaa bila ufadhili. Mwaka mzima wa shule kwa mtoto mmoja! Waligundua kwa sababu walikwenda kuwatafuta watu hao wakiwa wameshakua na kuwauliza. Inawezekana. Na uhitaji ni mkubwa mno kufanyiwa mzaha: UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2023 kwamba watoto milioni 333 walikuwa wakiishi kwenye umaskini uliokithiri, kwa kipimo cha wakati huo chini ya dola 2.15 za Marekani kwa siku. Kwa mtoto anayeishi hivyo, kila senti tunayoiita "msaada" na ikaishia kwenye mapambo ya ukumbi ni chakula ambacho hakukila.

Kwa hiyo nimeiandikia kamati yetu barua rasmi na hapa nasema niliyoyaandika. Sitashika tena kopo lisilo na namba na lakiri, wala sitakaa mapokezi ya hafla ambayo hesabu zake hazitabandikwa mwezi mmoja baadaye, zikiwa na risiti ya benki ya kiasi kilichotumwa na barua ya shirika inayokiri kukipokea na kueleza kimefanya nini. Ahadi zisitangazwe kama fedha. Anayedaiwa ahadi ya mwaka jana asipewe maiki mwaka huu. Na bango lile lishuke. Kama hatuwezi kumpata msichana yule tukamuuliza, hatuna haki na uso wake.

Mpaka sasa sijajibiwa. Nimeondolewa tu kwenye kundi la WhatsApp la waandaaji.

Mnaojitolea kwenye hafla kama hizi, naomba mje hapa mseme kamati zenu zinafanyaje. Kama ipo inayosoma hesabu hadharani, wekeni huo utaratibu wake tuuone, na ukurasa wake wa mapato na matumizi kama mnao, majina ya watu yakiwa yamefichwa. Nataka nikirudi kwenye kikao kijacho, wakinifungulia mlango, niwe na karatasi mkononi ya kamati iliyoweza.