CG125 ya 1978: nifufue injini yake au niweke ya bodaboda?

MwanaLikoni

Asalaam aleykum nyote. Nina Honda CG125 ya mwaka 1978 aliyoniachia marehemu baba. Alikuwa akivuka nayo feri kwenda kazini bandarini Kilindini kila siku mpaka alipostaafu. Baadaye ikasukumwa chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, na hapo imelala miaka 17. Bamba lake bado ni lile la kizamani lisilo na herufi mwishoni.

Juzi niliitoa nje. Panya wamekula kiti, spoki zinakatika ukizikunja kwa vidole, na tanki ukilitikisa unasikia magamba ya kutu yakiporomoka ndani. Kiki haishuki kabisa, injini imekwama.

Mambo ya bodi nitajikokota nayo polepole. Kinachoninyima usingizi ni injini. Mafundi watatu wameniambia mambo matatu. Wa kwanza anasema nifungue ile ile, silinda ichongwe, niweke pistoni ya saizi kubwa. Wa pili anasema ninunue seti mpya ya silinda na pistoni ya bodaboda nipachike juu ya injini ya zamani. Wa tatu ananicheka kidogo, anasema ninunue injini nzima ya Kichina, jioni moja tu nimemaliza. Karakana yangu ni kibaraza cha nyumba, na vifaa ni spana, msasa na subira. Nyinyi mngefanya lipi?

FundiMakupa

Waaleykum salaam. Kwanza usinunue kitu. Hujui bado una ugonjwa gani.

Nikueleze kwa nini hata hilo swali linawezekana, maana kwa pikipiki nyingi za umri huo lisingekuwepo. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako watu wanabeba mizigo na oili inabadilishwa ikikumbukwa. Wakaacha ule mnyororo mdogo unaozungusha kemu (kile chuma kinachofungua valvu) juu ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, wakaiweka kemu chini, inazungushwa na giya, na valvu zinasukumwa na vijiti. Hakuna mnyororo wa kulegea. Muundo huo ndio Wachina waliouchukua, ukawa injini ya bodaboda nyingi za Kichina unazoziona Mwembe Tayari na Kongowea. Tazama ubavuni mwa injini ya boda ya Kichina utaona 156FMI au 162FMJ. Hiyo 56 ni upana wa silinda kwa milimita, na 62 vilevile. Ya kwako ni upana wa 56.5 na mwendo wa pistoni wa 49.5, yaani cc 124, kwa hiyo jamaa yake ni 156. Seti ya 162, ambayo utaikuta madukani kwa sababu boda nyingi za Kichina ni cc 150, haiingii kwenye kesi yako (kasha la chini la injini) mpaka kinywa cha kesi kikerezwe. Usikubali muuzaji akuambie "zote ni moja".

Sasa, kinachoamua kati ya njia zako tatu ni kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Silinda yoyote inatengenezeka. Kranki ikiwa imeliwa na kutu kwenye beringi ya konrodi (fimbo inayoiunganisha na pistoni), hesabu nzima inageuka.

BodaKongowea

Mimi nitasema ya moyoni japo najua wengine hawatapenda. Nimeendesha boda miaka tisa na nimefungua injini za CG za zamani na za Kichina. Kama unataka kupanda kila siku, weka injini mpya. Spea unaipata saa mbili usiku, fundi yeyote anaijua, umeme ni volti 12 na taa inaona. Ya baba yako ni volti 6; usiku barabara ya Likoni kwenda Ukunda utakuwa unaongozwa na taa za wenzako. Na gharama: ukianza kuchonga, ukanunua pistoni, valvu, sili, gaskiti, kontakti ya kuwasha cheche, betri ya volti 6 ambayo kuipata ni kuitafuta, utafika bei ya injini nzima na bado hujagusa kranki.

Simdharau marehemu. Lakini pikipiki inayotembea inamkumbusha mtu kuliko inayosubiri spea.

MzeeTudor

Mwanangu, huyo kijana wa Kongowea amesema kweli kwa mtu anayetafuta riziki kwa pikipiki. Wewe umeuliza jambo jingine.

Kuna suala halijatajwa: namba ya injini imepigwa kwenye kesi, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye logbook. Ukiweka injini nzima mpya, namba hailingani tena, inabidi ukaguliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, warekebishe kumbukumbu. Kwa chombo ambacho makaratasi yake ni ya jina la marehemu, hayo ni mambo mawili ya kufuatilia kwa pamoja, urithi na injini. Njia ya kwanza na ya pili zinaiacha kesi pale pale, na namba yako inabaki.

Kuhusu seti ya boda juu ya injini ya zamani, nilifanya hivyo kwa CG ya shemeji yangu. Nilinunua seti ya bei ya chini kabisa, sikuipima, nikafunga. Baada ya miezi minne ilikuwa inavuta moshi wa buluu kama jiko la kuni bichi. Nilipofungua nikaingiza ringi peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya wake kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi): ulikuwa mara tatu ya ulivyotakiwa. Ringi zilikuwa laini, zimelika. Silinda yenyewe ya Honda niliyoitupa ilikuwa na chuma kizuri zaidi cha kuchongwa. Bado naisikitikia mpaka leo.

Kwa hiyo usitupe kitu chochote kilichotoka kiwandani Japani hata kama kinaonekana kimekufa. Weka kwenye kopo la oili.

BintiKisauni

Kaka, kabla hujafika huko kote, usiilazimishe kiki. Utavunja meno ya giya ya kiki na utakuwa na shida ya pili.

Mimi nilifufua ya babu yangu iliyokwama vivyo hivyo. Toa plagi, mulika tochi ndani. Changanya mafuta ya giya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina vijiko vichache kwenye tundu la plagi, funika, iache siku tatu, ongeza, iache tena. Kisha tia giya ya juu kabisa na uisukume pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo kwa gurudumu la nyuma. Ya babu ilikubali siku ya nane. Ilitoa mlio mfupi, kama mlango wa mbao uliovimba na mvua ukifunguka, nami nikaketi chini nikashukuru. Isipokubali, fungua hedi, weka kipande cha mbao laini juu ya pistoni na ugonge taratibu.

Screw za vifuniko vya Honda za zamani zinaonekana kama za nyota ya kawaida lakini si hizo. Ni za Kijapani, pembe zake ni nyingine kidogo, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuzila. Hewa yetu ya chumvi imeshaunganisha chuma na alumini kama gundi. Pasha joto kifuniko, tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, utoe moja moja.

Na tanki, usikubali asidi ya chooni. Inakula kutu, halafu inaendelea na chuma chenyewe, na kwa unyevu wa hapa tanki linageuka rangi ya machungwa upya kabla hujamaliza kulisuuza. Nililinganisha njia mbili. Siki nyeupe ni rahisi: unajaza mpaka shingoni, unaacha usiku kucha, unamwaga maji meusi, unarudia. Inafika kila kona, lakini kwa tanki lililooza sana utanunua siki ya kupikia achari ya harusi nzima. Njia ya pili ni magadi na chaja ya betri. Unajaza maji yaliyoyeyushwa magadi meupe, unaning'iniza kipande cha chuma cha kawaida katikati bila kugusa tanki popote, waya chanya kwenye chuma, hasi kwenye tanki. Kutu inaacha ukuta na kuelea kama povu la ugali. Kasoro yake ni kwamba inasafisha panapotazamana na kile chuma, kona zilizojificha zinabaki. Mimi nilianza na magadi nikamalizia na siki, kisha nikasuuza kwa maji ya soda ya kuokea, nikakausha haraka na kuzungusha oili ndani.

Tafadhali: usitumie chumvi badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Chuma kisiwe stenlesi, maji yake yanakuwa sumu. Fanya nje penye upepo, mbali na jiko, maana mapovu yanayotoka ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na ukipata tundu, asikudanganye mtu kulichomelea tanki ambalo liliwahi kuwa na petroli bila kuoshwa na kujazwa maji. Mvuke wa petroli haumalizwi na miaka.

MwanaLikoni

Dadangu, Mungu akuweke. Nimerudi baada ya wiki tatu na habari.

Imefunguka siku ya kumi na moja. Nilitoa hedi na silinda. Sehemu ya juu ya silinda ina mabaka ya kutu pale pistoni ilipokuwa imesimama, ukipitisha ukucha unakwama. Nimepeleka kwa mkerezaji Changamwe akapima kwa maikromita: 56.58 karibu na juu. Konrodi, nikiishika na kuivuta juu na chini, sihisi mchezo wowote. Ubavuni inacheza kidogo. Nikiizungusha kranki polepole karibu na sikio, haikwaruzi. Mabaki ya oili nyeusi nzito yalikuwa yamezama pale chini, nadhani ndiyo yaliyoilinda.

FundiMakupa

Basi umeshajibiwa, na aliyekujibu ni kranki. Mchezo wa ubavuni ni wa haki yake, wa juu na chini ndio tulioogopa.

Usichukue pistoni ya kwanza, ile iliyozidi milimita 0.25. Itafika 56.75, na kwa mabaka ya kukwama ukucha huenda yasiishe yote. Nunua ya 0.50 kwanza, ipeleke kwa mkerezaji pamoja na silinda ili achonge kufuata pistoni yenyewe mkononi, asichonge kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Utafika 57.00. Ukitoka hapo bado una nafasi ya 0.75 na 1.00 siku za usoni, kwa hiyo silinda hii ina maisha mawili mengine.

Ukiwa umefungua ubavu wa klachi, safisha kile kikombe kinachozunguka mwisho wa kranki. CG haina chujio la karatasi la kubadilisha. Uchafu unatupwa na mzunguko na kuganda mle ndani, pamoja na ule wavu wa chini. Wengi wanachonga silinda mpya halafu wanaiacha inywe matope ya miaka 17.

BodaKongowea

Nakubali. Kwa kranki nzima hivyo, na mimi ningechonga. Kontakti weka mpya pamoja na kondensa yake, nafasi 0.3 mpaka 0.4, plagi D8EA. Volti 6 iache kwa sasa kama utapanda mchana. Ukichoka na giza ndipo ubadilishe magneto, rektifaya, honi na balbu zote kwa mpigo. Kubadilisha nusu nusu ndiko kunakounguza vitu.

MzeeTudor

Na rangi usiipige sasa. Unyevu wa masika unaingia chini ya rangi, inatoka na weupe kama ukungu, haing'ai tena hata uipige nta. Subiri kaskazi, Desemba mpaka Machi, upige asubuhi jua likishakausha ukuta. Kwa sasa pake praima na uifunike.

MwanaLikoni

Nimefuata kila mlichosema. Silinda ilirudi na mistari yake ya msalaba ndani, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe na oili nyepesi mpaka kitambaa kikaacha kutoka kijivu. Tapeti (mwanya wa valvu) nimepima 0.08 injini ikiwa baridi. Mama alikaa kibarazani akinishikia tochi, akiniuliza kila chuma kinaitwaje.

Imewaka jana alasiri, kiki ya sita. Moshi mweupe wa oili ya kufungia kwa dakika mbili, kisha ukaisha. Nimeizungusha mpaka kivukoni na kurudi bila kuikaza, nikabadilisha oili: imetoka na vumbi dogo la fedha, hakuna vipande. Kitu kimoja tu, kuna jasho la oili pale hedi inapokutana na silinda, upande wa kulia.

FundiMakupa

Vumbi hilo ni ringi zinazozoea silinda yake, badilisha oili tena ukifika kilomita 300. Jasho: iache ipoe usiku kucha, kaza nati za hedi kwa msalaba kidogo kidogo, halafu pima tapeti upya kwa sababu zitakuwa zimesogea.